Apu ilifanya kazi lakini foleni iko palepale: nikasome masta ya dizaini shirikishi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni dizaina, nina miaka saba kazini, mwanzo matangazo na nembo, miaka mitatu ya mwisho apu. Mwaka jana timu yetu ilitengeneza apu ya kuweka miadi kwenye kliniki moja ya umma ili kupunguza foleni ya alfajiri. Tuliijaribu ikafanya kazi, watu waliisifia. Miezi sita baadaye nikapita pale, foleni iko vilevile, na muuguzi mmoja akaniambia apu imewaongezea kazi. Imeniumiza sana, hata usingizi umekuwa wa shida. Tangu hapo nafikiria kuacha kazi nikasome shahada ya uzamili ya dizaini shirikishi, ile ya uwajibikaji kwa jamii na kufikiri kimifumo. Ila naogopa. Nilisoma uhasibu, sijui kuchora vizuri, na mambo ya mifumo ya kompyuta ndo kabisa. Bosi wangu anasema dizaini ya kamati haijawahi kutoa kitu kizuri, mama anauliza nikimaliza nitaitwa nani. Na nitalazimika kukopa. Je, hii masta itanifundisha nisikosee tena kama nilivyokosea kliniki? Inafaa kuingia deni kwa ajili yake?"

Marahaba ndugu yangu. Nimesoma swali lako mara tatu na kila mara nasimama palepale, pale uliposema ulipita tena kliniki baada ya miezi sita. Watu wengi kwenye kazi yetu hawapiti tena, wanakabidhi, wanapiga picha, wanaandika kwenye potifolio, ule mkusanyo wa kazi zao, kwamba foleni imepungua, basi, wanahamia kwa mteja mwingine. Wewe ulirudi ukaangalia kwa macho yako na ukakubali maneno ya muuguzi yakuingie. Kabla hatujafika kwenye ada na mikopo nataka ujue hiyo tabia ya kurudi ndo sehemu kubwa ya hii fani, na wapo wanaomaliza masta bila kuipata.

Naona umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, hii masta inafundisha nini, mhasibu asiyejua kuchora ana nafasi au hana, na deni. Lakini chini yake kuna moja linalokunyima usingizi, ulikosea wapi pale kliniki. Naanza na hilo maana ukilielewa, hayo mengine utaweza kuyaamua mwenyewe.

Haya, twende kwenye foleni. Kwa nini mtu anaamka saa tisa usiku kwenda kusimama kwenye geti lililofungwa? Mara nyingi ni kwa sababu anajua wanaoonwa kwa siku ni wachache, na akikuta namba zimeisha ataambiwa arudi kesho. Kwahiyo anawahi. Sasa akiwahi yeye, yule aliyezoea kufika saa kumi na moja anakosa, na kesho yake na yeye anafika saa kumi, na yule wa saa kumi anaanza kufika saa tisa. Umeona kinachotokea? Foleni inajilisha yenyewe. Hakuna aliyeipanga, hakuna mbaya pale, kila mmoja anafanya jambo la akili kabisa kwa upande wake ila jumla yake ndo ile foleni ya gizani. Hiyo tunaita mzunguko wa mrejesho unaojikuza, matokeo yanarudi nyuma kuwa sababu.

Halafu apu yenu ikaingia. Ilibadilisha namna ya kupata namba, lakini idadi ya wanaoonwa kwa siku ilibaki ileile, yaani woga uliowaamsha watu saa tisa haukuguswa. Mtu ana miadi ya saa nne kwenye simu na bado anakuja alfajiri, kwa sababu hajawahi kuona mwenye miadi akiitwa kabla ya waliosimama getini. Na muuguzi naye, hebu fikiria meza yake. Ana daftari kubwa ambalo lazima alijaze kwa mkono maana ripoti ya mwezi inatoka humo, na sasa ana skrini pia, kwahiyo kila mgonjwa anaandikwa mara mbili. Kuandika mara mbili kunachukua dakika, dakika zinapunguza idadi ya wanaoonwa, idadi ikipungua woga unaongezeka, woga ukiongezeka watu wanawahi zaidi. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi apu yenyewe iligeuka sehemu ya foleni. Kliniki yako sijaiona, hii ni picha ya kwenda nayo pale ukaipime, lakini maneno ya yule muuguzi yananifanya nihisi sipo mbali.

Nikupe na la kwangu. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye timu iliyopewa kazi karibu sawa na yako, kupanga upya mapokezi ya zahanati. Tulifanya vikao na mganga mkuu, na wauguzi, na mtu wa takwimu, miezi minne, ramani zetu zilijaa ukuta mzima. Siku moja nilifika mapema sana nikakaa getini na mlinzi kusubiri wafungue. Mlinzi ndo alikuwa anagawa namba, vipande vya boksi alivyovikata mwenyewe, namba zimeandikwa kwa makapeni. Kila aliyefika alipewa kipande. Lakini nikaona kwenye mfuko wa shati ana vipande vingine kama kumi hivi, vyenye namba ndogondogo, hivyo hagawi ovyo. Akaja mama mjamzito anatembea ameshika kiuno, mlinzi akaingiza mkono mfukoni akampa namba nne. Akaja mzee aliyebebwa, akapewa namba sita. Nikamuuliza, akanijibu kama kitu cha kawaida kabisa, hawa hawawezi kusubiri. Ule mfuko wa shati ndo ulikuwa unapanga nani aonwe kwanza, na kwenye ramani yetu ya ukuta mzima haukuwepo, wala mlinzi hakuwepo, hatukuwahi kumwita kwenye kikao hata kimoja. Mfumo wetu mpya ungeufuta ule mfuko bila sisi kujua kama ulikuwepo. Kosa lilikuwa letu na mpaka leo nikifundisha naanza nalo.

Sasa hapo umeshapata nusu ya kinachofundishwa. Kufikiri kimifumo hakuhusu kompyuta, hilo liondoe kichwani kabisa. Mfumo hapa ni watu, sheria, vitu, taarifa na mazoea vinavyosukumana. Jay Forrester, yule wa chuo cha MIT kule Marekani aliyeanzisha tawi la fani hii linaloitwa mienendo ya mifumo, alikuwa injinia wa umeme, na moja ya kazi zake za mwanzo miaka ya 1950 ilikuwa swali la mameneja wa kampuni ya General Electric, mbona viwanda vyao kule Kentucky vinaajiri kwa fujo halafu baada ya muda vinapunguza watu, kisha mzunguko unarudi tena kila miaka kama mitatu. Wao walidhani ni hali ya soko. Forrester akakaa na penseli na daftari, akafuatilia wanavyoamua kuajiri na kuagiza mzigo, akaonyesha kwamba hata oda zikitulia bado ajira zitapanda na kushuka, kwa sababu maamuzi yao ya ndani ndo yanaitikisa. Alifanya kwa mkono, kwa penseli.

Na hapa uhasibu wako una kazi. Lugha ya msingi ya mifumo ni akiba na mtiririko, kilichopo sasa hivi na kinachoingia na kutoka. Wewe mizania unaijua, ni picha ya kilichopo siku moja, na taarifa ya mapato unaijua, ni mwendo wa kipindi kizima. Wanafunzi wangu waliotoka kwenye sanaa hilo linawachukua wiki kadhaa, wanachanganya idadi ya watu waliopo kwenye foleni na kasi ya foleni kusogea, wakati mhasibu ameshalifanya kwa miaka bila kuliita jina hilo. Donella Meadows, ambaye alitokea kwenye kundi hilohilo la MIT, mwaka 1999 alipanga sehemu 12 za kugusa mfumo, kutoka zenye nguvu ndogo mpaka kubwa. Mwisho kabisa, kwenye nguvu ndogo, ameweka namba, kupandisha hiki kushusha kile, na ndiko juhudi nyingi zinakoishia. Juu zaidi kuna nani anapata taarifa gani, kisha sheria, kisha lengo la mfumo wenyewe, kisha namna watu wanavyouona ulimwengu, na juu kabisa ni uwezo wa kutofungwa na namna yoyote ya kuuona. Kwenye kliniki, apu yenu iligusa taarifa, ambayo sio sehemu mbaya. Lakini sheria iliyokuwa inatawala ni moja tu, anayewahi ndo anaonwa, na hiyo haikuguswa na mtu.

Swali lako la kutokosea tena. Hapana, masta haitakufundisha hilo na anayekuahidi hivyo muogope. Mwaka 1973 walimu wawili wa chuo kikuu cha California pale Berkeley, Horst Rittel na Melvin Webber, waliandika kuhusu aina ya matatizo ambayo mimi huyaita matatizo sugu, wakayapa sifa 10. Hayana tafsiri moja iliyokamilika, hayana mwisho unaosema sasa tumemaliza, hayana jibu sahihi ila lenye nafuu au lenye madhara, na hili ndo zito zaidi, hayana jaribio la bure, kila unachojaribu kinaacha alama kwa watu halisi. Foleni ya kliniki ni moja yao. Kwahiyo kinachofundishwa ni kukosea kidogo, mapema, mbele ya wenye tatizo lao wakiwa na kalamu mkononi, halafu kubaki pale muda wa kutosha kuona kilichotokea. Apu yenu ilikosewa ikiwa imeshakamilika na imeshakabidhiwa, na kwa wakati huo muuguzi alikuwa hana pa kusemea.

Bosi wako anasema dizaini ya kamati haitoi kitu kizuri. Kwa kamati anazozijua yeye nadhani yuko sahihi, watu kumi mezani, hakuna anayeshika kitu, kila mtu anatetea idara yake, mwishoni wanakubaliana rangi. Ila hiyo sio dizaini shirikishi. Mizizi ya dizaini shirikishi iko Skandinavia kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kristen Nygaard wa Norwei alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wao wenyewe waielewe teknolojia iliyokuwa inaletwa kiwandani na waweze kujadiliana na mwajiri. Halafu kati ya 1981 na 1985 ukaja mradi ulioitwa UTOPIA, watafiti na wafanyakazi wa uchapaji wa magazeti wakibuni pamoja mashine za kupangia kurasa. Mashine zenyewe zilikuwa bado hazipo au ni ghali mno, wakatengeneza za mbao na maboksi. Kulikuwa na boksi tupu limeandikwa tu kwamba hii ni printa ya leza ya mezani. Mchapaji anasimama mbele ya boksi, anafanya kazi yake kama kawaida, na mikono yake inamwambia hapa nakwama, hapa napoteza muda. Ujuzi wa aina hiyo hauji kwenye hojaji wala kwenye kikao, unakuja mtu akiwa na kazi mkononi. Kwahiyo ukimjibu bosi wako mwambie hivyo, tofauti iko kwenye kufanya kitu pamoja, kukaa tu mezani hakutoshi.

Lakini nisikudanganye, neno shirikishi linatumiwa vibaya sana. Sherry Arnstein mwaka 1969 alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato 8, chini kabisa ni kuchezewa akili, katikati kuna kupewa taarifa na kuulizwa maoni, juu ni wananchi kushika usukani. Chukua projekti yoyote inayojiita shirikishi, uipandishe kwenye hiyo ngazi, utaona nyingi zinaishia kwenye kuulizwa maoni. Warsha moja, karatasi za kubandika za rangi, picha ya pamoja, kwisha. Aliyekuja kwenye warsha amepoteza siku ya kazi na hakulipwa, anayeandika ripoti amelipwa. Masta nzuri itakufanya ukae na hilo mpaka likuume, masta mbovu itakufundisha kubandika karatasi tu.

Na huu uwajibikaji kwa jamii nao watu wanadhani ni huruma, au kazi za kujitolea. Nia njema haitoshi hata kidogo. Mfano unaosomwa kila mahali kwenye hii fani ni PlayPump, bembea ya kuzunguka iliyopelekwa kusini mwa Afrika, watoto wakicheza inavuta maji. Wazo linapendeza, mwaka 2006 likaahidiwa mamilioni ya dola, lengo lilikuwa mashine 4,000 kufika 2010. Kilichoonekana vijijini ni kwamba watoto wanacheza wanapojisikia kucheza, maji yanahitajika muda wote, kwahiyo kinamama wakajikuta wao ndo wanaizungusha, ngumu kuliko pampu ya mkono waliyokuwa nayo mwanzo. Ikiharibika fundi wa pale hawezi kuitengeneza. Waliobuni walikuwa na roho nzuri kabisa. Kuwajibika maana yake ni kuuliza ikishindikana nani anabeba mzigo, na kuhakikisha huyo mtu alikuwa na sauti kabla ya kuanza. Kwenye kliniki yako mzigo ulimwangukia muuguzi, na kama alikuwa na sauti tangu mwanzo naamini angewaambia kuhusu daftari siku ya kwanza.

Sasa masomo yenyewe yanavyokwenda. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya ni miaka 2, Uingereza mara nyingi ni mwaka 1. Mwaka wa kwanza unakuwa kwenye studio, timu za watu wanne watano kutoka fani tofauti mnapewa jambo la kweli na mdau wa kweli, huku mnasoma nadharia za mifumo, mbinu za utafiti wa watu, maadili, na uwezeshaji, yaani namna ya kuendesha kikao ili mwenye sauti ndogo asikike. Mwaka wa pili ni mradi wako na tasnifu. Kuna mahali fani hii ina jina, Carnegie Mellon wana mkazo wa mabadiliko ya muda mrefu ya jamii nzima, Oslo kwenye shule ya usanifu na dizaini Birger Sevaldson na wenzake walikuza uchoraji wa ramani kubwa mno za mifumo, chuo cha OCAD kule Toronto wameunganisha na kutazama mbele kimkakati, chuo cha Aalto kule Ufini wameegemea uendelevu, Politecnico di Milano huduma na bidhaa. Majina ya kozi yanatofautiana sana, usitafute neno moja, soma wanafunzi wanafanya nini.

Mimi naegemea kwenye miaka 2. Sababu ni moja tu, uaminifu na watu haujengeki kwenye muhula mmoja, na kwenye programu ya mwaka mmoja nimeona wanafunzi wazuri wanafika kwa jamii mwezi wa tatu, wanaanza kuzoeleka mwezi wa tano, mwezi wa sita wanaandika tasnifu. Jamii inabaki inajiuliza wale vijana wameenda wapi. Kama mwaka mmoja ndo uwezo wako, basi nenda na jamii unayoijua tayari.

Kuchora usiogope. Kinachohitajika ni viboksi na mishale na mwandiko unaosomeka kutoka mita tatu, na mchoro mbaya kidogo una faida yake, watu hawaogopi kuushika na kuusahihisha, mchoro uliopendeza wanauangalia tu na kuusifu. Programu nyingi za aina hii zinapokea watu wa fani nyingine kwa makusudi, wauguzi, walimu, mainjinia, na mhasibu ni mtu wanayemkosa. Kwenye potifolio weka ile kliniki, kurasa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Usiifiche. Weka apu ilivyokuwa, weka ulivyorudi, weka maneno ya muuguzi bila jina lake na kwa ruhusa yake, weka mchoro wako wa unachodhani kilitokea. Mimi nimekaa kwenye meza ya kusoma maombi, nimesoma potifolio nyingi sana zinazong'aa, na anayejua kueleza kushindwa kwake kwa undani bila kulaumu watu huwa nasimama kwake.

Deni sasa. Hapa nasema kama ningekuwa nasema na mdogo wangu. Mama anauliza utaitwa nani, ni swali la haki kabisa, na jibu la kweli ni kwamba hakuna jina moja. Waliomaliza wako kwenye dizaini ya huduma, utafiti, sera, wizara na halmashauri, hospitali, mashirika ya jamii, kampuni za ushauri, wengine wanafundisha. Matangazo ya kazi mara chache yanaitaja hiyo digrii kwa jina. Na mshahara wa kazi za jamii unaweza kabisa kuwa chini ya unaopata sasa kwenye apu. Weka hayo mawili pamoja na mkopo mkubwa, utaona hatari iko wapi, deni litakurudisha kwenye kazi uliyoikimbia kwa sababu ndo inayolipa. Wewe mhasibu, chora huo mzunguko mwenyewe, utaona unavyojilisha kama foleni. Nimewaona watu watatu wanne wamenaswa hapo, wenye vipaji, inauma.

Kwahiyo msimamo wangu ni usiende kwa mkopo mkubwa wa peke yako. Ufadhili ukipatikana nenda. Programu za Erasmus Mundus, zile za Umoja wa Ulaya, zina skolashipu zinazobeba ada na fedha za kujikimu, vyuo vya umma vya Italia vinapanga ada kwa kuangalia kipato cha familia, na kuna programu za muda wa jioni ambazo unabaki kazini. Soma ukurasa rasmi wa mwaka unaoomba maana mambo yanabadilika, Norwei kwa mfano hadi 2023 hata mgeni alisoma vyuo vya umma bila ada, kuanzia hapo wanaotoka nje ya Ulaya wakaanza kulipishwa. Na kama ndoto yako ni kufundisha chuo, ujue kwamba Marekani MFA, yaani masta ya sanaa, inahesabika kama digrii ya mwisho kwa walimu wa studio, kwingine watakutaka uzamivu, kwahiyo herufi za digrii zina maana, usizidharau.

Kuna njia nyingine pia na sitaki uzione kama za walioshindwa. Kama ukijichunguza ukagundua kinachokuvuta ni kliniki zenyewe, afya, wagonjwa, basi pengine masta ya afya ya jamii au ya sera itakufikisha mbali zaidi, ukiongeza na ujuzi wako wa dizaini utakuwa mtu adimu. Kama kinachokuvuta ni namna ya kufanya kazi na watu, unaweza kuanza mwaka huu bila chuo, ukaomba projekti moja kazini iendeshwe kwa njia hii na bajeti ya kurudi baada ya miezi sita iandikwe kwenye mkataba. Chuo kinachokupa zaidi ya hapo ni muda, wenzako wa kukupinga, na walimu wa kukuonyesha usichokiona. Hivyo ni vya thamani, mimi vilinibadilisha, ila thamani yake inategemea kabisa chuo ulichochagua.

Ndo maana kabla ya kutuma ombi waulize mambo yasiyo kwenye brosha. Jamii mnazofanya nazo kazi mmekuwa nazo miaka mingapi, na wanafunzi wakiondoka nani anabaki. Watu wa jamii wanalipwa kwa muda wao au la. Nani anapitia maadili ya utafiti kabla mwanafunzi hajaenda kuhoji mgonjwa au mtoto. Nionyesheni tasnifu moja ambayo haikufanikiwa. Wakikosa hata moja ya kukuonyesha, hapo pana shida, maana kwenye matatizo sugu haiwezekani zote zifanikiwe. Na usiishie kwa mtu wa udahili, tafuta waliomaliza miaka mitatu au minne iliyopita, ongea nao kwa simu au ana kwa ana, waulize jumatatu asubuhi wanafanya nini na deni limefikia wapi. Mazungumzo mawili ya hivyo yatakuambia mengi kuliko barua yangu hii.

Mkopo ukiwa lazima, usisaini kabla mwanasheria au mshauri wa fedha asiyeuza mikopo hajakaa na wewe akausoma mstari kwa mstari, hata kama wewe ni mhasibu, maana mtu hajikagui vizuri akiwa na hamu na kitu. Na lile la usingizi nimeliona, umelitaja haraka ukapita. Kama ni wiki nyingi sasa, kama unaamka na kliniki kichwani na kazi zote umezichukia, tafuta mshauri nasaha au daktari uongee naye uso kwa uso kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Masta ni mzigo mzito, na ukienda ukiwa umechoka hivyo utaibeba ile kliniki mpaka darasani.

Huku ukisubiri, rudi kliniki. Usiende na apu wala na suluhisho, nenda na karatasi moja kubwa. Omba ruhusa kwa mkuu wa pale, kaa getini asubuhi moja uangalie nani anagawa nini, halafu muda wake ukiruhusu mwombe yule muuguzi akuonyeshe daftari na ripoti ya mwezi inavyotoka. Chora unachodhani ndo kinalisha foleni, mpelekee, mwambie nadhani niliwaongezea kazi, niliona hivi. Akisema hapa umekosea, mpe kalamu arekebishe mwenyewe. Halafu niandikie alichochora.